Mlango wa Uani

Jumatatu, mwezi 3 Mfungo Saba

Asubuhi barua mbili za watu. Ya kwanza ya mtu wa Mikese anayegombana na mkwewe kwa ajili ya mbuzi. Ya pili ya mpagazi anayetaka mkewe arudi kutoka Turiani. Hii ya pili nimeiandika vizuri kuliko anavyostahili. Mke akirudi, atakuwa amerudi kwa maneno yangu, si kwa sura yake.

Kahawa. Ukungu umefunika mlima tangu jana, mji umelowa.

Baada ya adhuhuri karani wa Akida Mbaruku alipita nyuma ya nyumba yetu na kamba, askari mmoja yuko pamoja naye. Wanapima barabara mpya ya stesheni. Wanasema itapita huko nyuma, penye vichaka na majaa. Karani akasimama mbele ya mlango wetu wa uani. Akautazama, akaandika, akaenda zake. Hakupiga hodi wala hakuuliza neno.

Uso wa nyumba yetu uko huku, kwenye kichochoro cha msikiti. Huku ndiko kwenye baraza, huku ndiko wanakokaa wageni. Huko nyuma ni uani: jiko, kisima, kamba ya nguo. Mlango ule ni wa kutupia majivu na kupitisha kuni. Sasa huko uani amekaa Dada Mwanahawa, yuko eda ya mumewe. Mwanamume asiye wa nyumba hii haruhusiwi hata kumwona kivuli.

Karani alikuwa akiandika nini?

Jumanne, mwezi 4 Mfungo Saba

Nimejua alichoandika.

Mpiga mbiu amezunguka mji mzima na baragumu lake. Barabara mpya, anasema, imezipandisha thamani nyumba zote zilizo kando yake. Kwa hiyo wenyewe watachangia mawe na mtaro. Kila mlango unaotazama barabara unahesabiwa kuwa mlango wa duka na unatozwa kama duka. Asiyelipa mpaka mwisho wa mwezi, nyumba yake itanadiwa.

Kwa hiyo mlango wetu wa majivu ni duka. Mimi ni mwenye duka. Natakiwa kulipa rupia ambazo sizipati hata nikiandika barua za wapagazi wote wa nchi hii mpaka mkono ukauke.

Barabara bado haijajengwa! Imepanda thamani kwa kamba ya karani!

Nimeipiga meza mpaka wino ukamwagika. Dada ameuliza kutoka uani kuna nini. Nimemwambia hakuna kitu. Hajaniamini. Hajawahi kuniamini tangu tulipokuwa watoto.

Ijumaa, mwezi 7 Mfungo Saba

Baada ya sala watu walikaa barazani kwetu. Nimewaeleza yote. Nimewasomea maana ya dhulma kutoka vitabuni, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Wote wametikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyesema atakwenda nami kwa Akida. Waoga. Wanapenda kunisikiliza kama watu wanavyopenda kutazama majogoo wakipigana.

Fundi Saidi, mshonaji wa jirani, hakuinua macho kwenye cherehani. "Mwalimu Shomari," akasema, "lipa ukae. Nyumba ya yule Banyani pale kona ina milango sita, naye kalipa."

"Banyani ana duka!"

"Na wewe wameshasema unalo."

Watu wakacheka. Nimecheka nao, lakini sitasahau kwamba walicheka.

Jumatatu, mwezi 10 Mfungo Saba

Nimekwenda kwa Akida Mbaruku. Nimevaa kanzu safi na joho la marehemu baba. Aliniacha nimesimama juani huku yeye akichagua tende kwenye sahani. Mtu wa pwani huyu. Kaletwa huku na Wadachi atuhesabu, naye anatuhesabu kama mtu anayehesabu kuku wa jirani. Kila mara anasema "huku kwenu milimani", kana kwamba sisi tumeshuka mtini jana.

Nimemwambia kwa adabu: mlango ule ni wa wanawake. Hakuna duka. Kuna mjane yuko eda.

Akasema, "Mlango ni mlango, Mwalimu. Ukitazama barabara, unauza."

Nikamwambia mlango hautazami kitu, watu ndio wanaotazama, na anayetazama uani kwa watu ana jina lake.

Tende ikamkwama. Hilo limenifurahisha njia nzima ya kurudi.

Halafu furaha ikaisha, kwa maana sikupata nilichokwenda kutafuta. Anakitaka kiwanja hiki. Si siri. Kona ya barabara mpya na kichochoro chetu ni mahali pa mtu kujenga nyumba ya ghorofa, na shemeji yake yuko Bagamoyo na fedha mkononi, anangoja. Mnada ukipigwa, mnunuzi ameshapatikana.

Nitamlipiza kisasi. Nimeiandika hapa ili nisijisahaulishe.

Alhamisi, mwezi 13 Mfungo Saba

Leo nimetunga wimbo.

Barua kwa gazeti la pwani zimekwenda tatu na hakuna hata moja iliyochapwa. Mhariri anaogopa. Lakini wanawake wa Morogoro hawamwogopi mtu wakishika ngoma. Kesho kutwa kuna arusi kwa watu wa mtaa wa chini, na mke wa Fundi Saidi ndiye anayetoa nyimbo. Nimempa maneno. Ameyasikiliza mara moja, akashika kiuno, akasema, "Mwalimu, wewe kumbe una ubaya!" Kisha akaniomba niyarudie.

Wimbo unamhusu bwana mmoja anayezunguka nyuma ya nyumba za watu na kamba, akihesabu milango ya wanawake. Wanawake wanamuuliza amepoteza nini huko. Jina halimo. Tende zimo.

Jumapili, mwezi 16 Mfungo Saba

Wimbo umeshika kama moto wa kiangazi. Wameuimba arusini mpaka bibi arusi akasahauliwa. Leo wapagazi wanauimba stesheni. Wasichana wanauimba mtoni wakiteka maji. Nimepita sokoni nikamwona muuza tende anafukuzwa kwa vicheko, maskini, hajui kosa lake.

Akida hakuja msikitini adhuhuri.

Nimelala mchana usingizi mtamu.

Jumanne, mwezi 18 Mfungo Saba

Nitaandika taratibu.

Wamevunja ukuta wetu wa uani.

Walikuja asubuhi, wafungwa wa minyororo na askari wao, na karani mbele. Mtaro ulikuwa umewekewa vigingi upande wa pili wa barabara, kwenye migomba ya Akida mwenyewe. Vigingi vilivyonyooka, nimeviona kwa macho yangu wiki nzima. Leo vimehamishwa. Mtaro sasa unapita upande wetu, na ukuta wetu "umeingia barabarani". Sululu tatu nne, ukuta wa udongo wa marehemu mama ukalala chini. Mlango wenyewe wameuacha umesimama na miimo yake, peke yake, kama mtu aliyevuliwa nguo. Kwa makusudi! Wautoze!

Dada alikuwa kisimani. Alijitupia kaniki usoni akakimbilia ndani. Wafungwa wamemwona. Askari kamwona. Wapita njia wote wamemwona. Mjane katika eda yake, kwenye kisima cha mama yake.

Nilimshika karani ukosi. Askari akanipiga kitako cha bunduki begani. Bega limevimba, siwezi kuinua mkono juu ya sikio. Si neno. Naandika kwa mkono wa pili. Nina chuki safi leo, haina hata chembe ya huruma ndani yake.

Baadaye nilikwenda kusimama nje ya chumba cha Dada. Nikamwambia nitamwangamiza mtu yule.

Akanijibu kutoka ndani, polepole: "Wimbo wako ndio ulioniangushia ukuta, Shomari."

Jumatano, mwezi 19 Mfungo Saba

Dada ameniwekea chakula nje ya mlango, kimefunikwa.

Jumamosi, mwezi 22 Mfungo Saba

Fundi Saidi na mkewe wameleta makuti na fito. Tumeziba uani kwa kiwambo. Upepo unapita, macho ya watu wabaya yanapita pia, lakini ni afadhali. Mke wa Fundi ameshinda na Dada. Nimewasikia wakicheka kidogo. Yeye anaweza kucheka. Mimi nasaga meno.

Nimesoma tena sura za wadhulumu. Hazinitoshi. Nataka kitu cha kufanyika hapa, kwa mtu huyu, mbele ya watu hawa, mwezi huu.

Jumatatu, mwezi 24 Mfungo Saba

Shauri bomani. Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma, kakaa barazani na kofia yake nyeupe, Akida kulia kwake, karani chini. Watu wamejaa uwanja mzima.

Nilikuwa nimetayarisha maneno siku nne. Nilianza na maana ya uani, nikaendelea na haki ya mjane katika sheria, nikafika kwenye desturi ya majirani. Bwana Mkubwa anajua Kiswahili, lakini Kiswahili cha amri. Nilipofika kwenye sehemu ya tatu aliinua mkono.

"Mlango unauza au hauuzi?"

"Hauuzi, Bwana Mkubwa."

"Akida atakwenda ndani na askari, atatazama. Kama hakuna duka, hulipi."

Akida Mbaruku akainamisha kichwa, mpole kama ndiye aliyeombwa hisani. Aliyajua haya tangu mwanzo! Anajua siwezi kumwingiza yeye na askari chumba kwa chumba katika nyumba yenye mwanamke wa eda. Nimesimama pale, mtu niliyesoma vitabu vyote vilivyoingia mji huu.

Nikasema, "Ndani hawaingii."

"Basi lipa. Shauri Jumanne ya wiki ijayo. Halafu mnada."

Kurudi nimepitia njia ya mtoni ili nisikutane na mtu.

Jumanne, mwezi 25 Mfungo Saba

Dada ameniita. Amekaa nyuma ya pazia la mkeka. Mimi kizingitini.

Ameniuliza nyumba hii ni ya nani.

Nikasema, ni yetu.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama."

"Na mama aliipata kwa nani?"

Nilijua anakokwenda. Kiwanja hiki kilikuwa cha bibi mzaa mama, na kabla yake cha mama yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo. Mwanamume huondoka kwenda kwa mkewe, na mwanamke hubaki. Ndiyo maana marehemu shemeji alihamia hapa alipomwoa Dada, akafia hapa, na eda imekaliwa hapa. Mimi niliondoka kwenda kuoa, nikaachana na mke, nikarudi na sanduku la vitabu. Boma lilipoandika nyumba, aliyekuwa barazani ni mimi. Karani akaandika jina langu.

Dada akasema mbiu ilitaja wajane wasiofanya biashara kwamba hawatozwi. Mimi niliisikia nikaipita. Yeye akiwa eda, ndani, aliisikia akaikamata.

"Nenda ukawaambie nyumba ni yangu. Yamekwisha."

Yamekwisha! Mji mzima unanijua nimesema nini juu ya jambo hili. Miaka kumi barazani nimepiga kelele kwamba urithi wa tumbo ni mambo ya giza, kwamba sheria ya Mungu inampa ndugu mwanamume sehemu mbili, kwamba Mluguru anayesali na kurithi kwa mjomba amevaa kanzu juu ya ngozi ya nyani. Maneno yangu hayo hayo. Watu wanayarudia.

Nikamwambia haiwezekani.

Akasema, "Barazani wewe ni mwanachuoni. Huku ndani ni kwa mama. Chagua pa kulala."

Jumatano, mwezi 26 Mfungo Saba

Nimetuma mtu Matombo kumwita Mjomba Mloka. Shahidi anahitajika. Nimeandika barua hiyo kwa kinyaa. Nimeiandika mara moja tu, bila kuipamba.

Jumamosi, mwezi 29 Mfungo Saba

Mjomba amefika na mkungu wa ndizi, pilipili manga kwenye kitambaa, na malalamiko. Njia imebomoka. Magoti. Wamisheni huko kwao wamempiga marufuku mbuzi wake kwenye bustani yao. Amekaa kwenye kiti changu. Ametazama vitabu akauliza kama vyote nimevisoma au vingine ni vya kuzuia upepo.

Nikamweleza shauri. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mpwa wangu ametuhitaji watu wa giza."

Nimemvumilia. Nataka kumwona Akida Mbaruku akiangushwa, na kwa ajili hiyo nitamvumilia hata Mjomba.

Jumatatu, mwezi 2 Mfungo Nane

Kesho. Sina hamu ya kula. Nimepiga pasi kanzu mwenyewe.

Naandika jambo moja ili lijulikane kwangu. Nikishinda kesho, napoteza nyumba. Nikishindwa, tunaipoteza wote. Nimelipima hili kila upande na nimeona kitu cha aibu: lililonisumbua zaidi si nyumba. Ni kwamba yule mtu atanisikia nikiyala maneno yangu.

Jumanne, mwezi 3 Mfungo Nane

Imekwisha. Nitaandika yote.

Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Wanawake pia walikuja, wamesimama nyuma na vikapu, na nilisikia mmoja akiuimba chini chini ule wimbo.

Nikasema: Bwana Mkubwa, nyumba si yangu. Ni ya dada yangu Mwanahawa, mjane, hafanyi biashara. Iliandikwa jina langu kwa kuwa karani aliniona mimi. Kwa desturi ya nchi hii ardhi ni ya upande wa mama. Huyu hapa mjomba.

Kisha Akida Mbaruku akasimama. Nilikuwa namngoja.

"Bwana Mkubwa, huyu ndiye aliyefundisha mji wote kwamba desturi hiyo ni ujinga. Muulize alisema nini juu ya ngozi ya nyani."

Vicheko vikapanda kama maji ya mto. Hata askari. Fundi Saidi alikuwa anacheka, nimemwona. Masikio yaliwaka moto.

Bwana Mkubwa akanitazama. "Ulisema?"

Ningeweza kusema sikusema. Watu mia wangecheka zaidi. Ningeweza kugawa maneno, hapa sheria, pale mila, kazi ninayoijua. Mjomba alikuwa ananikodolea macho kwa raha.

Nikasema, "Nilisema, Bwana Mkubwa. Na nyumba ni ya dada yangu."

Basi. Maneno mafupi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu.

Mjomba akaulizwa. Akaanza na bibi wa bibi, na chemchemi waliyoikuta, na nani alikufa kwa ndui, mpaka Bwana Mkubwa akasema inatosha, inatosha. Nyumba ikaandikwa ya Mwanahawa. Mjane. Hatozwi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Karani akafunga kitabu. Bwana Mkubwa akauliza, kama mtu anayetaka kwenda kula, "Kuna jingine?"

Lilikuwapo. Nilikuwa nimelihifadhi tangu ukuta ulale. Nikasema: liko. Vigingi vya mtaro vilikuwa upande wa migomba ya Akida, vikahamishwa siku tatu baada ya wimbo kuimbwa. Na nyumba ya Akida ya kona ya chini ina milango minne inayotazama barabara. Naomba tuambiwe imelipa kiasi gani, tujifunze kwake.

Hakuna aliyecheka.

Bwana Mkubwa hakumwuliza Akida. Alivaa kofia, akateremka ngazi, akatembea kwa miguu mpaka kwenye barabara mpya, sisi sote nyuma yake, mji mzima. Matundu ya vigingi vya zamani bado yalikuwa wazi, yamejaa maji ya mvua, mstari mmoja ulionyooka mbele ya migomba. Akayatazama. Akaitazama milango minne. Akamwambia Akida neno moja la Kidachi. Sijui maana yake. Niliona uso wa Mbaruku ulivyokuwa.

Uso ule nitakufa nao. Ningeweza kuuchora.

Alhamisi, mwezi 5 Mfungo Nane

Amevuliwa uakida. Na atalipia milango yote minne, na ukuta wetu.

Nilivaa joho nikaenda kusimama mkabala na nyumba ya akida walipokuwa wakitoa vitu vyake. Nilikaa mpaka sinia la mwisho. Alinipita karibu, na kifurushi kwapani. Nilimwamkia kwa sauti, nikamwuliza habari za tende. Hakuitika.

Wengine watasema si vizuri. Ni vizuri. Nimeionja, ni tamu, na sitaki mtu aniambie ni chungu.

Mjomba amerudi Matombo. Kaacha ndizi. Wakati wa kuondoka alimuaga Dada nusu saa. Mimi kaniambia tu, "Mtunzie mwenye nyumba paa lake."

Ijumaa, mwezi 20 Mfungo Nane

Eda imekwisha. Dada ameoga, amevaa kanga mpya aliyoletewa na mke wa Fundi, amejifukiza udi. Amekonda. Sikujua amekonda hivyo. Ametembea uani mwanga wa mchana, akasimama kwenye mlango ule uliobaki peke yake, akauwekea mkono mwimo.

Nikamwambia fundi wa ukuta anakuja Jumatatu. Fedha za Mbaruku zimeshapatikana bomani.

Akasema asije.

Jumapili, mwezi 22 Mfungo Nane

Anataka kufungua duka!

Si duka. Uji na vitumbua. Barabara ile ile, mlango ule ule. Asubuhi watu wa stesheni wanapita na njaa. Wapagazi, makuli wa reli, abiria wanaoshuka. Fedha za ukuta atanunulia mchele na sufuria kubwa. Kiwambo kitasogezwa nyuma, wanawake wabaki ndani yake. Mbele atakaa yeye, na ushungi wake, na mke wa Fundi.

Nilimsomea hoja moja baada ya nyingine. Heshima. Watu watasemaje. Nilivyojidhalilisha bomani mbele ya Mjomba na nyani wake wote ili mlango huo usiwe duka! Atatozwa! Ile kodi tuliyoipiga vita ataiita nyumbani kwa mkono wake mwenyewe!

Alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize.

"Vitabu vyako, Shomari, vimewahi kununua mchele?"

"Si hilo, Dada."

"Mume wangu kafa. Aliyekuwa akileta ni yeye, na wewe unajua. Umewaambia mbele ya Mzungu nyumba ni yangu. Au ulikuwa unatunga wimbo mwingine?"

Nimetoka nikapiga mlango. Nimezunguka mpaka stesheni na kurudi. Nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mbaruku, na hakuna pa kumshtaki.

Alhamisi, mwezi 26 Mfungo Nane

Sufuria limekuja. Fundi Saidi amepiga benchi la mbao za masanduku. Sijakanyaga uani. Nakula barazani kwangu.

Harufu ya pilipili manga na iliki alfajiri. Nilisikia wapagazi wakimwita "mama" kwa adabu ambayo hawajawahi kunipa mimi.

Jumanne, mwezi 1 Mfungo Tisa

Barua tatu leo, zote za wateja wa uji. Anawaelekeza kwangu: "Zunguka upande wa msikiti, utamkuta ndugu yangu." Sikumwomba.

Jumatano, mwezi 9 Mfungo Tisa

Akida mpya amepita leo na karani. Kijana, mtu wa Kilosa. Nilisikia hodi nyuma, nikaacha kalamu, nikaenda huko kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na hoja tayari, nimezipanga usiku na mchana tangu lile sufuria liingie.

Alimwamkia Dada shikamoo. Akauliza kama mlango huu unauza. Dada akasema unauza. Akamtajia kiasi. Dada akafungua pindo la kanga, akamhesabia, akamwuliza kama amekula. Akala kitumbua amesimama, akashukuru, akaenda kwenye nyumba ya pili.

Hakuna aliyenitazama.

Niliposimama pale nikamwona Mbaruku. Yuko kwenye benchi, na bakuli. Sasa anampimia yule Banyani pilipili na mpunga, kanzu imechafuka vumbi. Nikamtazama Dada. Naye akanitazama, mwiko mkononi, akingoja niseme.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mazuri.

Akajaza bakuli la pili akaliweka mwisho wa benchi. "Uji unapoa," akasema.

Nikakaa. Tulikunywa, Mbaruku upande wake, mimi upande wangu, tukitazama barabara. Ni barabara nzuri, imenyooka, maji hayasimami. Wapagazi wawili wakaja wakawa hawana pa kukaa. Nikasogea kwa Mbaruku. Si kwa huruma. Benchi ni fupi.